Ufuo Ni Wetu Sote, Lakini Njia Iko Wapi?



Kuna swali ambalo halikosi katika semina zetu za vikundi, hasa tunapokutana na wale wa Kilifi na Kwale: ufuo wa bahari ni wa nani? Mmoja atasema ni wa serikali. Mwingine atasema ni wa wenye mahoteli, kwani si askari wao ndio wanaotufukuza? Mzee mvuvi ataguna tu, kisha aseme kwamba alizaliwa akaukuta, na babu yake naye aliukuta. Siku hizi swali limefika mpaka bara. Vikundi vya Machakos, Murang'a na Kakamega huchanga mwaka mzima, halafu Desemba wanakodi basi na kuteremka kuona bahari, kulala kwenye mahema, kupanda mashua na kula samaki. Wakifika wanaanza kuulizana: hapa tunaruhusiwa kukaa, au tunangoja kufukuzwa?

Nimeona heri tulieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna haki, mna hatari ya maisha, na mna pesa ambayo vikundi vingi huiacha ipite mbele ya macho yao.

SHERIA INASEMA NINI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imehesabu aina za ardhi ya umma. Mojawapo ni ardhi yote iliyo kati ya pale maji ya bahari yanapofika yakijaa na pale yanapofika yakipwa. Bahari yenyewe na sakafu yake pia ni ya umma. Ardhi hiyo imewekwa amana kwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na msimamizi wake ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Haiwezi kutolewa kwa mtu ovyo ovyo. Lazima iwepo sheria ya Bunge inayoeleza itolewe vipi na kwa masharti gani.

Kwa hiyo ufuo wa hoteli haupo. Ipo hoteli inayopakana na ufuo, basi. Mama anayepita na kapu la maembe kwenye mchanga uliolowa maji ana haki sawa na mgeni aliyelala pale juu kwenye kitanda cha jua. Askari wa kampuni ya ulinzi anaweza kulinda ukuta wa bosi wake na mali iliyo ndani, lakini mchanga ule wa chini hakupewa kuulinda dhidi ya wananchi.

Lakini ngoja kwanza, usikimbilie kushangilia. Soma tena maneno yale: kati ya maji kujaa na maji kupwa. Ardhi uliyopewa na Katiba ni ile ambayo bahari huifunika mara mbili kila siku! Huwezi kuchimba choo pale. Huwezi kupiga hema pale, labda ukitaka kuamka unaelea. Hata mashua haiachwi pale wakati wa maji makubwa. Hupandishwa juu, kwenye mchanga mkavu chini ya minazi. Na mchanga huo mkavu mara nyingi una mwenyewe, tena mwenyewe huyo ana hati.

Hapo ndipo ugomvi wote wa fuo zetu ulipo. Haki ya mchanga wa chini haina faida kama huna njia ya kuufikia, na kama huna kipande cha nchi kavu cha kuweka chombo, nyavu, jiko na hema.

MAJI YANAJAA, MAJI YANAPWA

Kabla hatujaendelea na habari ya ardhi, hebu tuzungumze juu ya maji, kwa maana wageni wengi wanaopata ajali hawakujua jambo hili, na wavuvi hawasemi kwa sababu kwao ni kama kujua jua linachomoza wapi.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika kama 50. Maana yake ni kwamba kila siku maji huchelewa kwa karibu saa nzima kuliko jana. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika chache. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa na nguvu zaidi: hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Pale Mombasa wakati wa bamvua tofauti ya maji ya juu na ya chini hupita mita 3, yaani ukuta wa nyumba ya kawaida. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana.

Sasa shika jambo hili, ni la faida. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndiyo kujaa, na saa kumi jioni ndiyo kupwa. Kina mama wanaokwenda mwambani kutafuta pweza hawana haja ya kitabu. Wanahesabu mwezi kwa vidole na wanajua siku zao.

Chukua basi la kikundi kutoka bara lililoingia asubuhi, mwezi mpevu. Saa nne bahari iko mbali kabisa. Watoto wanafurahi, wanatembea juu ya miamba mpaka kule mawimbi yanakovunjika. Hakuna anayejua kwamba maji yanaporudi hayarudi kama mstari wa askari, moja kwa moja kutoka mbele. Yanaingia kwanza kwenye mabonde yaliyo kati ya mwamba na ufuo. Mtu yuko juu ya mwamba, magoti makavu, kumbe nyuma yake maji yamefika kifuani. Ikifika saa kumi jioni, ule ufuo mpana walioukuta asubuhi haupo tena, na mikoba iliyoachwa chini inaelea.

Tena kuna mlango. Mbele ya sehemu kubwa ya pwani yetu kuna mwamba wa matumbawe kama ua, na ua huo una nafasi ambazo vyombo hupitia. Maji yanapopwa hukimbilia huko kwa nguvu na kumvuta anayeogelea karibu. Ukivutwa usishindane na maji kwa kuelekea ufuoni moja kwa moja, utachoka. Ogelea kwa ubavu, sambamba na ufuo, mpaka utoke katika mkondo, ndipo ugeuke. Afadhali zaidi, muulize mvuvi yeyote: bwana, mlango uko wapi? Atakuonyesha kwa kidole, bila malipo.

NJIA ILIKWENDA WAPI?

Turudi kwenye ardhi. Watu wa bara hushangaa wakisikia kwamba wenyeji wa pwani wanaweza kukaa kijiji kimoja miaka 100 na bado wakaitwa maskwota. Historia yake ni ndefu, lakini kwa ufupi ni hivi. Ukanda wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1895 Uingereza ikaanza kuutawala. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za pwani: kila mwenye kudai shamba alete madai yake yaandikwe. Waliojua habari hiyo na kujua ofisi wakaandikiwa. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na si ya mtu mmoja, wakabaki nje ya daftari. Kilichobaki bila kuandikiwa mtu kikawa cha serikali, na baada ya uhuru sehemu nzuri za mbele ya bahari ziligawanywa viwanja. Tume ya Ndung'u, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2004, ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi za umma nchini zilivyogawiwa watu kinyume cha sheria.

Matokeo yake mtu huyaona kwa macho akitembea kutoka Nyali kwenda Mtwapa, au akifika Diani. Ukuta, ukuta, geti, ukuta. Kati ya kuta mbili kuna kijia chembamba kinachoteremka baharini. Kijia hicho ndicho uhai wa wavuvi, wa mama karanga, wa vijana wa mashua, na wa mgeni asiye na pesa ya hoteli. Kikifungwa, sheria haijabadilika hata neno moja, lakini ufuo umekwisha kuwa wa mtu.

Nimeona kwa macho yangu kijia kimoja kikifungwa. Kwanza uliwekwa mnyororo, ati kuzuia magari. Halafu likawekwa geti, lakini likawa wazi mchana. Mwaka uliofuata geti likafungwa, mlinzi akasema agizo limetoka juu. Wavuvi wa pale sasa wanazunguka mbali, samaki kichwani, jua kali. Ubaya ni kwamba siku ya mnyororo hakuna aliyeandika barua. Walipokwenda ofisini baada ya geti kufungwa, waliulizwa: mna kitu gani cha kuonyesha kwamba hii ilikuwa njia? Hawakuwa nacho.

Basi kikundi kilicho karibu na bahari kianze leo, kabla ya mnyororo. Nendeni ofisi ya upimaji ya kaunti, mkaombe nakala ya ramani ya viwanja vya eneo lenu. Kuna ada ya kulipa. Kwenye ramani, njia ya umma huonekana kama nafasi iliyo kati ya namba mbili za viwanja, bila namba yake yenyewe. Mkiiona, mna silaha. Mkiikosa, msikate tamaa, lakini jueni kazi itakuwa ngumu: itabidi wazee waeleze kwa maandishi njia imetumika tangu lini, picha zipigwe, na barua ipelekwe Tume ya Kitaifa ya Ardhi na nakala kwa kaunti, kwa naibu kamishna wa kaunti, na kwa chifu. Barua itoke kwa kikundi, siyo kwa mtu mmoja, na iwe imepitishwa katika mkutano wenye kumbukumbu zilizowekwa sahihi. Ukuta msiubomoe usiku. Najua mara nyingine mtu anatamani. Lakini mkiubomoa, kesi itakuwa ya ukuta, na habari ya njia itasahaulika.

DIKO LA WAVUVI

Mvuvi hahitaji ufuo wote. Anahitaji diko, yaani mahali pa kupandisha chombo, kupima samaki, kushona nyavu na kukaa kivulini akingoja maji. Kwa sheria, mahali hapo pana kamati yake, ile watu wote wanaiita BMU. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2007, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 ikaziendeleza. Kamati huandikisha wavuvi na vyombo, hutunza diko, huandika samaki waliopatikana, na husuluhisha ugomvi. Wachuuzi wa samaki nao ni wanachama halali, na kina mama wengi hawajui hivyo. Wao ndio wanaonunua, wanaokaanga, wanaopeleka mitaani, lakini siku ya uchaguzi wako jikoni. Kina mama, jiandikisheni. Mambo ya diko yakiamuliwa na wenye vyombo peke yao, kivuli cha kukaangia samaki kitakuwa cha mwisho kukumbukwa.

Wageni wanapoanza kuja, mara moja utasikia: wavuvi waondoke, nyavu zinanuka, ufuo uwe safi. Hayo ni maneno ya mtu asiyejua biashara. Mgeni anayetoka Nairobi kulala kwenye hema amekuja kuona ngalawa ikirudi alfajiri na kununua changu au tafi aliyetoka majini saa ile ile. Mwondoe mvuvi, na mgeni ataona mchanga tu, na mchanga uko mahali pengi.

Lakini mvuvi naye ana wajibu. Juya, ule wavu wa kukokotwa ufuoni unaozoa hata samaki wadogo kama ukucha, limepigwa marufuku katika bahari ya Kenya tangu mwaka 2001, na bado mahali pengine linavutwa mchana peupe. Malema, mshipi na nyavu za matundu makubwa zinaacha mbegu.

Mfano mzuri wa jambo hili uko Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, karibu na Vipingo. Wavuvi wa huko waliona samaki wanapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2003 wakaunda chama pamoja na wakaazi wengine wa ufuo ule. Mwaka 2005 wakatenga sehemu ya bahari ya hekta 30, kama ekari 75, wakakubaliana kwamba humo hakuna kuvua kabisa. Wanaiita tengefu. Msifikiri ilikuwa rahisi. Mwambie mtu mwenye njaa asivue mbele ya nyumba yake, uone. Lakini matumbawe yalianza kupona, samaki wakaongezeka ndani ya tengefu, na wakikua wanatoka nje ya mpaka, wanavuliwa. Wageni nao wakaanza kuja kuogelea na kuangalia samaki, wakalipa. Mwaka 2017 Kuruwitu ilipewa Tuzo ya Ikweta na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Hapo hakuna hoteli kubwa iliyowafanyia kazi hiyo. Walianza kwa mkutano chini ya mti, kama mikutano yenu.

Tofautisheni tengefu na hifadhi ya serikali. Malindi na Watamu zina hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, Mombasa tangu 1986. Hizo zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ndani ya hifadhi yenyewe hakuna kuvua, na mgeni hulipa kiingilio. Pembeni yake kuna eneo la akiba, ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Kabla hujamwahidi mgeni safari ya kuvua samaki, jua mpaka uko wapi. Na mgeni anayetaka kuvua kwa mchezo na aulize kwanza habari ya leseni katika ofisi ya uvuvi.

MASHUA

Nenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kule Bamburi, ambao watu wengi wanauita Pirates. Siku ya Krismasi au Pasaka utaona Kenya yote imekusanyika: ngamia wanapita, vijana wanakodisha tyubu za matairi, mapiga picha wanaita watu, mihogo na viazi karai vinakaangwa, na mashua za sakafu ya kioo zinapakia watu kwenda kuona samaki. Ni mahali pa furaha, na ni mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaoga bahari bila kumwomba mtu ruhusa. Bara husema Mombasa raha, wakimaanisha pale.

Kikundi kinachotaka kununua mashua ya wageni kisianze na rangi na jina zuri. Kianze na vitu viwili: nahodha na makoti ya kuelea. Halmashauri ya Bahari ya Kenya, KMA, ndiyo inayokagua vyombo vya abiria na kutaka nahodha awe na cheti. Kila abiria awe na koti lake la kuelea, limefungwa, si lililokaliwa kama mto. Mtoto apewe la mtoto. La mtu mzima litampanda mpaka puani. Idadi ya watu iandikwe ubavuni mwa chombo, na nahodha asisikilize yule kaka anayesema tuongeze watano tu, ni jamaa zetu. Nahodha akishaongeza watano wa leo, kesho ataongeza kumi.

Na upepo ujulikane. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, bahari huwa na utulivu na maji safi, ndiyo miezi ya mashua na ya kuona matumbawe. Kusi, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, bahari huchafuka, na hata wavuvi wenye vyombo vidogo hukaa ndani ya mwamba. Wageni wa likizo ya Agosti huja katikati ya kusi. Waambieni ukweli. Wapelekeni kwenye mikoko na vijito ambako maji yametulia. Kina mama wa Gazi, Kwale, wamejenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na mgeni hulipa kutembea juu yake. Kina mama wa kisiwa cha Wasini nao wana la kwao. Daraja halijali kusi wala kaskazi.

KULALA KWENYE MAHEMA

Hapa ndipo vikundi vina nafasi kubwa kuliko pengine, maana hema halihitaji mtaji wa nyumba. Linahitaji nchi kavu, choo, maji, na usalama.

Nchi kavu tumekwisha sema: mtafute mwenye shamba, mwandikiane, hata kama ni mjomba wa mwenyekiti. Hasa kama ni mjomba wa mwenyekiti. Makubaliano yaonyeshe kodi, muda, na nani atamiliki choo kitakachojengwa. Kikundi kinachojenga choo cha matofali kwenye shamba la mtu bila karatasi kimempa huyo mtu zawadi.

Mahema yapigwe juu ya ule mstari wa majani na vijiti ambao bahari huuacha wakati wa bamvua. Mstari huo ni shahidi mzuri kuliko ahadi ya mtu yeyote. Yasipigwe chini ya mnazi, nazi haiangalii. Moto uwashwe mahali pamoja palipotengwa, kwa makumbi na kuni kavu, mbali na makuti, na usiku uzimwe kwa maji. Mchanga unauficha moto tu, na mtoto anakuja kuukanyaga asubuhi.

Choo kina shida yake pwani. Chini yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na maji machafu hupita ndani yake upesi mpaka kwenye kisima. Kwa hiyo choo na kisima viwe mbali, angalau hatua 40, na mkiweza zaidi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa hata kama kisima kina sifa ya kuwa kitamu.

Kisha kuna kasa. Kasa jike hupanda ufuoni usiku, anachimba shimo kwenye mchanga mkavu, na kutaga mayai yanayoweza kupita 100. Baada ya kama miezi miwili vitoto hutoka na kuelekea penye mwanga, maana kwa desturi ya dunia mwanga wa usiku uko juu ya bahari. Mkiwasha taa kali au moto mkubwa karibu, vitoto vinakuja kwenu badala ya kwenda majini, na asubuhi kunguru wanakula. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa. Nyama yake, mafuta yake na mayai yake ni kosa. Mkiona kiota, kizungushieni vijiti, hamisheni mahema, na mpasheni habari ofisa wa KWS au kundi la kulinda kasa lililo karibu. Mgeni atakayeamshwa saa tisa usiku kuona kasa akitaga, kwa mbali na bila tochi, atawaletea wageni wengine kumi.

Taka je? Mifuko ya plastiki ilikatazwa nchini tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja havitakiwi ndani ya hifadhi, misitu na fuo zilizolindwa. Mwandikieni kiongozi wa basi mapema aje na mitungi.

Na neno moja kuhusu watoto, kama mfanyakazi wa jamii siwezi kulipita. Penye wageni na pesa, watoto huacha shule kuuza mabuyu na kufuata watu, na wapo watu wazima wanaokuja pwani kwa nia mbaya. Kikundi kiwe na kanuni: mtoto haingii kwenye mahema, hauzi saa za shule, na hapelekwi na mgeni popote, hata kama mama yake amekubali kwa ajili ya shida. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116. Iandikeni mlangoni pa choo, kila mtu ataisoma.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano tu, bei za kwenu mtazijua wenyewe. Tuseme wamekuja watu wenye mahema 10 kwa usiku 2, na kila hema ni shilingi 400 kwa usiku. Hiyo ni shilingi 8,000. Mlinzi wa usiku mara 2 kwa shilingi 800 ni 1,600. Mitungi 40 ya maji kwa shilingi 20 ni 800. Wasafishaji 1,000. Kodi ya mwenye shamba 1,500. Jumla ya matumizi ni shilingi 4,900, na zinabaki 3,100. Ukikigawanya kiasi hicho kwa wanachama 20, kila mmoja anapata shilingi 155, na kikundi kimekufa.

Kisigawanywe. Nusu iwekwe benki kwa ajili ya choo na taa, nusu iwe ya kuzungusha kwa wanachama wanaowauzia wageni chakula, kwa maana faida kubwa iko huko: samaki, wali wa nazi, mahamri ya asubuhi, madafu. Hema linaleta watu, lakini sufuria ndiyo inayoleta pesa. Na pesa ya sufuria inamwendea mama mwenyewe siku ile ile.

Benki haitawafungulia akaunti bila cheti. Vikundi sasa huandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Mnapeleka katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano wa kwanza, na orodha ya wanachama wenye vitambulisho. Vikundi vyenye vyeti vya zamani na viulize huko kama vyeti vyao bado ni halali.

Fanyeni hayo mapema. Ramani ya viwanja, makubaliano ya shamba na cheti huchukua wiki nyingi, na mkutano wa kugawana zamu za choo, jiko na ulinzi ufanywe Novemba, kabla mabasi ya Desemba hayajaanza kuteremka Mazeras.